Walisema Amefuata Dhahabu

Tulijua mwalimu wetu wa hesabu anaondoka siku mkewe alipoanza kugawa kuku. Nyumba za walimu zilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, na sisi wa bweni la mwisho tuliona kila kilichoingia na kutoka. Jumamosi ile mama mwalimu alitoka na mtetea mweusi kwapani, akampelekea mke wa mwalimu wa kilimo. Akarudi kwake, akatoka na mwingine. Mwanamke hagawi kuku wanaotaga kama ana nia ya kukaa. Mwenzetu mmoja, mtoto wa wafugaji wa upande wa Maganzo, aliweka pasi chini, akachungulia dirishani, akasema, "Hawa wanahama."

Kila mmoja alijifanya ana shughuli.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Shule yetu ya sekondari ilikuwa nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwenye mbuga ile nyeusi ambayo masika inang'ang'ania viatu na kiangazi inapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mimi nilitoka mbali, Ushirombo, kwa Wasumbwa, katika kijiji cha wakulima waliokwenda misa kila Jumapili. Baba yangu alilima karanga na muhogo. Hakusoma, lakini padre wa misheni alimwambia kwamba mimi nina kichwa, naye akauza ng'ombe na kunipandisha lori.

Kichwa nilikuwa nacho. Nilichokosa ni ulimi. Nilizaliwa na kigugumizi kibaya sana. Neno lingeweza kunikwama kooni mpaka macho yakatoka maji, na kule nyumbani walikuwa wamezoea kunimalizia sentensi zangu, hata zile ambazo sikutaka ziishe walivyozimaliza wao.

Siku ya kwanza ya somo la hesabu mwalimu alinielekezea swali. Nilisimama. Jibu nilikuwa nalo, ila halikutoka. Nyuma yangu wakaanza kucheka, kwanza mmoja, halafu nusu ya darasa. Mwalimu hakuwakemea. Aliweka chaki mezani, akakalia ukingo wa meza, akakunja mikono, akaningoja kama mtu anavyongoja maji yachemke, bila uso wa huruma wala wa haraka. Kicheko kikafa chenyewe kwa kukosa mtu wa kukiendeleza. Ukimya ukawa mrefu mpaka nikasikia njiwa juu ya bati. Mwishowe nikalisema lile jibu.

"Sawasawa," akasema, akachukua chaki yake, akaendelea na somo.

Tangu siku ile hakuna aliyenicheka darasani kwake.

Alikuwa mtu wa Ukerewe, mrefu, mweusi tii, mwenye mabega yaliyoinama mbele kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi. Alitufundisha hesabu na jiografia. Mshahara wa mwalimu Mwafrika wakati ule kila mtu aliujua ulivyokuwa, lakini shati lake lilikuwa jeupe kila asubuhi, na kola ilipochakaa mama mwalimu aliigeuza akaishona upya. Hakuwa mcheshi. Alikuwa na subira, nayo ni adimu kuliko ucheshi. Ukikosea mara ya kwanza, alikueleza. Ukikosea tena, alikueleza kwa njia nyingine, kana kwamba kosa ni la maelezo yake.

Mimi alinichukua jioni, baada ya kazi za shamba, akanipeleka kwenye lambo lililokuwa chini ya shule, ambako wafugaji wa Kisukuma walinywesha mifugo yao. Alinipa kitabu cha jiografia akaniambia nisome kwa sauti.

"Niwasomee nani, mwalimu?" nilimuuliza. Nililisema hilo kwa shida kubwa.

"Hao," akasema, akinyoosha kidole kwa ng'ombe. "Ng'ombe hawacheki, wala hawana haraka."

Basi nikasoma. Niliwasomea ng'ombe wa Usukuma habari za mito ya Ulaya na theluji ya milimani, nikikwama na kuanza upya, nao wakanywa maji na kunitazama. Wafugaji walituamkia, "Mwangaluka," salamu yao ya asubuhi, hata kama jua lilikuwa linazama, kwa sababu walitaka kumtania mwalimu aliyeleta mwanafunzi kuwahutubia ng'ombe. Yeye aliitikia kwa Kisukuma chake cha kisiwani, nao wakacheka. Mimi niliendelea kusoma. Mwezi ulipita, na mwingine, na siku moja nikafika chini ya ukurasa bila kukwama hata mara moja. Mwalimu hakunisifu. Aligeuza ukurasa tu.

Mara nyingi binti yake alikuja naye. Alikuwa mtoto wao pekee, bado hajafikia umri wa shule, mwembamba, mwenye macho makubwa yaliyokuwa na umanjano kidogo. Mwalimu alimbeba mabegani tangu nyumbani mpaka lambo, na tulidhani ni kumdekeza. Siku nyingine hakuja, na siku hizo tulisikia kilio chake kikivuka uwanja wa mpira. Alilia akishika miguu na mikono, akisema mifupa inamuuma. Watu walisema ni homa, wengine wakasema ni mambo ya watu. Mama mwalimu alimkanda kwa maji ya moto. Sisi tulikuwa vijana, tulisikia kilio, tukageuka upande wa pili tukalala. Asubuhi mwalimu aliingia darasani na shati lake jeupe, akafundisha.

Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi ya kuku, mkuu wa shule, Mzungu, alitutangazia kwenye paredi. Mwalimu wetu, alisema, amepata kazi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, atakuwa karani wa ofisi ya vibarua, na shule inamtakia heri. Alisema kwa maneno machache, akapita kwenye habari ya usafi wa vyoo.

Sijui kama ninaweza kueleza leo uzito wa habari ile. Tulikuwa darasa la mtihani. Migodi ilikuwa imekwisha kutuchukulia watu: fundi seremala wa shule alikwenda Mwadui kwenye almasi, na mwalimu wa michezo akamfuata. Kila aliyeondoka alirudi kututembelea na baiskeli mpya na viatu vinavyolia. Tulikuwa tumewahukumu hao kimoyomoyo, tukasema, ndivyo walivyo. Huyu hatukumtegemea.

Kiranja wetu mkuu ndiye aliyeumia kwa sauti. Alikuwa kijana mkubwa, Msukuma wa Shinyanga vijijini, mwenye maneno makali. "Tulimwona mtu wa maana kumbe ni kama wengine," alisema bwenini. "Dhahabu imemwita, naye ameitika."

"Huenda ana sababu," mtu mmoja akasema.

"Sababu ni dhahabu."

Siku hiyo hiyo, kwenye kipindi cha hesabu, kiranja akasimama kabla mwalimu hajafuta ubao. "Mwalimu, ni kweli unakwenda Geita?"

"Ni kweli."

"Na mtihani wetu je?"

Nilimwona mwalimu akitazama mikono yake iliyojaa vumbi la chaki. "Atakuja mwalimu mwingine," akasema.

"Kwa nini unakwenda?"

"Mambo ya nyumbani," akajibu. Akageukia ubao, akaandika swali, na mgongo wake ukabaki kwetu muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa swali lile.

Jibu hilo lilitukasirisha zaidi. Mambo ya nyumbani ni neno la mtu mzima anayemfungia mtoto mlango. Wiki yake ya mwisho tulimtendea ubaya wa kimya kimya. Tuliinuka alipoingia, tuliitikia, tuliandika, lakini hakuna aliyeuliza swali wala aliyebaki baada ya kipindi kama tulivyozoea. Aliliona hilo. Alifundisha kwa utaratibu ule ule, akieleza mara mbili yale ambayo hakuna aliyesema hajayaelewa. Kwenye chai ya kumuaga walimu walisema maneno mazuri, na sisi tulipoombwa tuimbe tuliimba kama watu wanaosukuma mkokoteni.

Hata hivyo, siku ya safari baadhi yetu tuliomba ruhusa twende stesheni. Kiranja mkuu hakuja. Tulitangulia kwa miguu, na mkokoteni wa vyombo ukafuata. Stesheni ya Shinyanga ilijaa watu, wafanyabiashara wa Kihindi na mizigo yao, wanawake wenye vikapu vya michembe ya viazi, vijana waliokuwa wakielekea migodini kutafuta kazi. Treni ya Mwanza ilikwisha fika. Mwalimu alikuwa amevaa koti, nguo ambayo hatukuwahi kumwona nayo. Binti yake alikuwa amelala begani kwake, amefunikwa kitenge mpaka masikioni ingawa jua lilikuwa kali.

Wenzangu walikuwa wamekubaliana njiani kwamba mimi niseme neno la shukrani. Walisema, wewe ndiye mtu wake. Nililiandaa neno lile tangu tulipotoka shuleni, na nikiwa natembea lilitoka vizuri kabisa, sentensi baada ya sentensi. Nilisimama mbele yake.

"Mwalimu," nikasema, "si-si-si..."

Likakwama pale pale. Koo lilifunga kama halijawahi kufunguka, kama vile jioni zote zile zilikuwa za mtu mwingine. Nilikaza shingo, nikapiga mguu chini. Watu wa jirani wakageuka. Mwenzangu mmoja akafungua mdomo anisaidie, mwalimu akamzuia kwa mkono. Alihamisha mtoto kwenye bega la pili, akasimama, akaningoja.

Kengele ikapigwa. Mama mwalimu alikwisha panda, akamwita kwa upole dirishani. Mlinzi wa treni akapuliza filimbi. Mwalimu hakusogea. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza, bila haraka, na mimi nikazidi kuzama, na neno halikuja. Treni ilipoanza kujivuta mtu akamshika mkono akampandisha. Alisimama mlangoni mwa behewa.

"Nimesikia," akaniambia. "Nimesikia yote, mwanangu."

Hakuwa amesikia kitu. Nilikaa chini kwenye changarawe nikalia mbele ya watu wote, na hakuna mwenzangu aliyenitania kwa hilo mpaka tulipomaliza shule.

Mwalimu mwingine alichelewa kuja. Wiki nyingi tulifundishwa hesabu na mwalimu wa kilimo, mtu mwema ambaye alikuwa akitutangulia ukurasa mmoja tu. Wengi hawakufaulu. Kiranja mkuu alishindwa hesabu, akaenda kuomba kazi Mwadui, na wakamwajiri kuwa mlinzi wa langoni. Mimi nilipita kwa kuponea chupuchupu, nikapata nafasi ya kwenda kusomea ualimu.

Kabla ya kwenda chuoni nilikaa nyumbani Ushirombo misimu miwili ya mavuno. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori lililopeleka mchele na karanga kwenye migodi ya Geita, na msimu wa pili nikamwomba anichukue. Nilimwambia nataka kuona mgodi. Yeye alicheka akasema mgodi ni shimo, lakini akanipandisha juu ya magunia.

Tulifika alfajiri, ukungu ukiwa bado vilimani. Mbele ya ofisi moja ya bati vibarua walikuwa wamepanga mstari, watu wa kila upande wa nchi, wengine wametoka hata Rwanda na Urundi, wamejifunga mablanketi. Mtu alikuwa akisoma namba kwa sauti, na kila namba ikaitikiwa na mtu. Sikumwona vizuri, lakini sauti niliijua. Ilikuwa ikisubiri. Namba ikiitwa na mtu asiitike, makarani wengine wangeruka. Yeye alinyamaza akangoja, mpaka mzee mmoja aliyekuwa na kikohozi akapata pumzi ya kusema, "Nipo."

Alipomaliza nilimsogelea. Nywele zilikuwa zimeota mvi, na mabega yalikuwa yameinama zaidi.

"Shikamoo, mwalimu."

Aligeuka kwa ghafula. Nadhani hakuwa ameitwa hivyo siku nyingi. "Marahaba," akasema, na akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia mpaka nilipomaliza kumweleza nimetoka wapi na nimesafiri na nini.

Mchana alinipeleka kwake. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali, ya bati, safu moja na nyumba nyingine zilizofanana nayo kama mapacha. Mama mwalimu alitoka jikoni, akanikumbatia kama mtoto wake, akanikalisha. Alileta ugali na samaki, akasimama akinitazama nikila. Nyumba ilikuwa safi mno. Nilitazama huku na huku, nikauliza swali ambalo mgeni yeyote angeuliza.

"Na binti je? Amekwenda shule?"

Mama mwalimu alichukua bakuli la maji ambalo bado nilikuwa nalihitaji, akatoka nalo nje. Sikumwona tena mpaka jioni.

"Tulimzika masika yaliyopita," mwalimu akasema.

Nikaacha kula. Alinieleza polepole, kama alivyoeleza hesabu. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa damu, wa kuzaliwa nao. Kule Shinyanga kila alipozidiwa walimbeba mpaka mjini, na mara mbili nusura awafie njiani. Mtu aliwaambia kwamba kwenye mgodi kuna hospitali hapo hapo, na daktari, na kwamba wanaotibiwa ni pamoja na watoto wa makarani. Yeye akaomba kazi. Hakuomba nyingine ila hiyo. Walipofika daktari alimpenda mtoto, akamhudumia kwa moyo, na kwa muda mtoto alinenepa, akaanza hata kucheza kamba na watoto wa majirani. "Mwaka mmoja na kitu," mwalimu akasema. "Mwaka ule hatukuupata kule. Huo tuliupata hapa."

"Sisi tulisema umefuata dhahabu," nikamwambia. Ulimi haukukwama, na laiti ungekwama.

"Najua. Nilisikia kila kitu nikipita chini ya dirisha lenu." Akatabasamu kidogo. "Mlipaswa kuambiwa. Niliona haya kuweka ugonjwa wa mtoto wangu mbele ya darasa, nikajiambia watoto hawatwishwi mizigo ya wakubwa. Kumbe niliwatwisha mzigo mwingine. Utakapokuwa mwalimu, na siku moja ukaondoka mahali, waambie watoto sababu. Hata kama ni aibu. Mtoto asiyeambiwa hujitungia."

Nilimwambia kwamba shule bado inamhitaji, kwamba mwalimu wa hesabu aliyekuja alikwisha ondoka, na kwamba mkuu wa shule angempokea kesho yake. Nilisema haraka, kwa moyo wote. Aliniacha nimalize.

"Mama yake hataki kwenda mbali na kaburi," akasema. "Na mimi siwezi kwenda bila mama yake. Basi."

Jioni sote watatu tulikwenda makaburini, nyuma ya kilima, mahali pa watu waliokufa mbali na kwao. Kaburi la mtoto lilikuwa limezungushiwa mawe meupe. Mama mwalimu alipiga magoti akang'oa majani machanga, moja moja, akiyaweka kwenye upande wa kanga yake. Mwalimu alinitaka nimweleze habari za darasa letu. Nikamweleza, huyu yuko wapi, yule ameoa nani, nani amefeli. Nilipofika kwa kiranja mkuu aliyekwenda kulinda lango la almasi, mwalimu hakucheka kama nilivyotegemea. Alifumba macho. "Yule alikuwa na kichwa cha hesabu kuliko nyinyi wote," akasema. "Alihitaji miezi michache tu."

Asubuhi niliondoka na lori. Sikumwona tena.

Mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, nikiwa tayari ninafundisha, nilikutana na mama mwalimu gatini Mwanza, penye boti za Ukerewe. Mimi ndiye niliyemtambua. Alikuwa amekonda, amekalia furushi lake katikati ya watu wanaogombania nafasi. Nilimwamkia, akachukua muda kunijua.

"Mwalimu hajambo?" nikauliza.

"Alianguka asubuhi moja mbele ya ofisi, akisoma namba," akasema. "Wakambeba. Hakufika hospitali." Alieleza bila kulia, kama mtu aliyelieleza jambo hilo kwa wengi. Mgodi ulimpa muda wa kukaa kwenye nyumba, halafu nyumba ikahitajika kwa karani mpya. Sasa alikuwa anarudi kwa kaka zake, kwenye kisiwa ambacho hakuwa amekikanyaga tangu alipoolewa.

Nilitaka kusema neno lile nililoshindwa kulisema stesheni. Nilikuwa nalo bado, lote. Lakini aliyestahili hakuwepo, na yeye alikuwa amechoka, na boti ilikuwa inajaa. Nilichukua furushi lake nikalitia ndani, nikamshika mkono akapanda, nikamtafutia mahali pa kukaa penye kivuli. Akanishukuru. Akaniuliza kama na mimi nina mtoto.

"Bado, mama."

"Mungu atakupa," akasema, akajifunika kanga kichwani, akatazama ziwa.